Senene wa Kundi Jekundu

Msimu wa senene ulipoanza, kituo kizima kilijua, kwa sababu Prudencia alianza kuwahi kazini.

Taa kubwa ya mlinzi ilikuwa imefungwa kwenye kona ya banda la vifaranga. Iliwavuta senene hadi kunakucha, na asubuhi walikuwa wametapakaa chini ya ukuta, wa kijani na wa kahawia, wengine bado wakirukaruka, wengine wamelowa umande na kuishiwa nguvu. Prudencia alikuja na ndoo yake yenye mfuniko, akainama, akawa anaokota kwa mikono miwili kama walivyomzoesha kwao Muleba tangu utotoni. Msichana huyu ambaye kwenye vikao sauti yake haikuvuka meza, hapo chini ya taa alikuwa akiimba.

Aliyemkuta kila mara ni Mzee Mashimba, mchanganyaji wa chakula cha kuku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," alimjibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Umeamkia tena wadudu?"

"Si wadudu. Ni senene."

"Ana miguu sita, ana mbawa, anaruka. Kwetu Usukumani huyo ni mdudu tu. Nyie Wahaya mmesoma mpaka mmepitiliza, sasa mnatafuna panzi."

"Nitakukaangia mmoja uonje."

"Nile panzi, halafu ng'ombe wa marehemu baba waniangalieje? Watagoma kukamuliwa!"

Akacheka mwenyewe, akafungua stoo yake, na harufu ya mashudu ya pamba ikatoka kumlaki.

Kilikuwa kituo kidogo cha utafiti wa lishe ya mifugo, pembeni ya barabara ukiiacha njia panda ya Usagara. Mkuu wa utafiti alikuwa Daktari Josepha, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, naye pia mtu wa Kagera. Ndiye aliyempokea Prudencia alipotoka chuoni na shahada yake ya sayansi ya wanyama, akamwambia mbele ya watu, "Huyu ni mpole lakini ana macho. Mtaona." Prudencia aliyabeba maneno yale kama mtu aliyepewa yai ashike.

Jambo lenyewe lililochunguzwa halikuwa gumu kulieleza. Wafugaji wengi wa Misungwi huwalisha kuku wao pumba za mahindi na mashudu ya pamba, kwa kuwa pamba ipo na mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, ni rahisi. Mashudu yana zinki kidogo, ila ndani yake mna kitu kinachoishika zinki hiyo isiingie mwilini. Sasa je, kuku wa mashudu anapata zinki ya kumtosha au hapati? Ukimtazama kwa nje unaweza kudanganyika. Daktari Josepha aliamua kuliuliza ini.

"Ini halina aibu," alikuwa akiwaambia. "Ndani yake kuna jeni linalotengeneza protini ya kuishika zinki. Zinki ikija kwa wingi, jeni linawaka na kutoa maelekezo mengi. Zinki ikipungua, linafifia. Sisi tunakwenda kupima maelekezo yale. Kuku hawezi kutuambia amekula nini. Ini litatuambia."

Vifaranga waligawanywa makundi matatu, kila kundi na kitambaa cha rangi mlangoni. Kundi la kijani lilipata mashudu na zinki ya kutosha iliyoongezwa. La njano lilipata zinki kidogo. Kundi jekundu lilipata mashudu na pumba tu, basi. Vyombo vyote vilikuwa vya plastiki, kwa sababu bati hupakwa zinki lisishike kutu, na maji yakilala kwenye bati huweza kuyaingilia majibu. Kazi ya Mashimba ilikuwa kuchanganya chakula. Kazi ya Prudencia ilikuwa kulisha, kupima uzito na kutazama.

Kutazama ndiko kulikomshinda.

Mwanzoni makundi yote yalifanana, mipira ya manyoya ya manjano ikigombania joto la taa. Kisha kundi jekundu likaanza kubaki nyuma. Manyoya yao yalichakaa kabla ya kukua, ngozi ya miguu ikakauka na kupasukapasuka kama udongo wa jaruba lililokauka, vifundo vikavimba. Walitembea kwa kuchechemea na kukaa chini kila baada ya hatua chache. Lakini Prudencia alipoingia, wote walikuja. Walikuja kwenye wavu wakiburuza miguu yao, wakamtazama kwa jicho moja moja, kama wafanyavyo kuku, wakisubiri.

Alikuwepo mmoja mdogo kuliko wote, mguu wake wa kushoto umepinda kwa nje. Chuoni walikuwa wameonywa wasiwape majina wanyama wa majaribio. Prudencia hakumpa jina. Alimwita tu Kashaija, kidume kidogo kwa Kihaya, kama mama yake alivyomwita kila kitu kidogo cha kiume, awe mtoto wa jirani au beberu.

Mama yake Prudencia hakuwahi kula bila kuwatupia kuku chochote. Ukiketi kuchambua senene jikoni, unanyofoa mbawa na miguu, na kuku wamekuzunguka; nusu ya burudani ya kazi ile ni kuwaona wakigombania. Asubuhi ya kwanza ya msimu Prudencia alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha banda akichambua ndoo yake kabla watu hawajafika. Senene mmoja aliyevunjika akamponyoka, akaruka na kutua ndani ya wavu wa kundi jekundu. Kashaija ndiye aliyemwahi. Alimpiga mdomo, akamkimbiza kwa mguu wake uliopinda, akammeza mzima, kisha akasimama wima kwa mshangao, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni.

Prudencia akacheka kwa sauti. Kisha akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu.

Asubuhi iliyofuata aliwapa wachache waliovunjika. Baadaye akawapa miguu na mbawa pia, kisha konzi nzima. Aliingiza mkono chini ya wavu na wao wakamnyang'anya vidoleni. Alijiambia ni makombo tu, vitu ambavyo angevitupa. Alijiambia senene si chakula chenyewe, chakula chenyewe ni mashudu, na mashudu yao hakuyagusa. Alikuwa na shahada, na alijua anajidanganya, ila ujuzi ule aliuweka mbali kidogo, kama mtu aliyesogeza taa ili alale.

Manyoya ya kundi jekundu yakaanza kunyooka.

"Hawa wekundu wamepata nafuu," alisema Daktari Josepha siku moja, amevaa miwani na kuishika tena kwa vidole. "Ajabu."

Prudencia aliinamia mizani. "Labda wamezoea, Daktari."

"Labda." Daktari akachukua senene mmoja kutoka kwenye kopo la plastiki mkononi mwake. Prudencia alikuwa amemkaangia kutoka ndoo ileile, kwa kitunguu na chumvi, na Daktari alitembea nalo kituo kizima. "Mwanangu, mkono wako ni wa mama yangu mzazi. Nikifunga macho niko kwetu Kamachumu."

Siku ya kuchinja ilifika. Walifanya kazi kwa ukimya na kwa haraka, kwa sababu maelekezo ya jeni huoza upesi mnyama akishakufa. Kipande cha ini lazima kitiwe kwenye kichupa na kichupa kitumbukizwe kwenye mtungi wa baridi kali kabla hakijapoa. Mashimba alichinja, Prudencia alipasua, Daktari aliandika namba kwenye vichupa. Alipofika kwa Kashaija, Prudencia alimjua kwa mguu. Alimshika akiwa bado na joto. Ini lilikuwa jekundu lililokoza, zuri, linang'aa. Alikata kipande, akakitia kichupani. Kisha kisu chake kikateleza, kikagusa firigisi na kuipasua, na pale katikati ya pumba ulikuwepo mguu mmoja wa senene, wa nyuma, ule mrefu wenye miiba, haujasagika.

Aliufinya kwenye vidole vya glovu. Mashimba alikuwa amempa mgongo. Daktari alikuwa akiandika. Prudencia akauangusha kwenye ndoo ya taka na kuufunika kwa matumbo.

Hapo ndipo angesema. Baadaye, kila alipoirudia siku ile kichwani, alirudi mahali hapo hapo: kisu mkononi, mdomo nusu wazi nyuma ya barakoa, na Daktari akisema bila kuinua kichwa, "Anayefuata."

Majibu yalirudi kutoka Dar es Salaam baada ya sikukuu. Daktari Josepha aliyatazama kwenye kompyuta yake asubuhi nzima, na mchana akawaita Prudencia na Mashimba ofisini.

"Kundi la kijani, jeni linawaka, kama tulivyotegemea. La njano, linawaka kwa uvivu, sawa." Aligeuza kompyuta wauone mchoro, nguzo tatu za rangi. "Na kundi jekundu, ambalo halikuongezewa zinki yoyote, linawaka karibu sawa na la kijani."

Mashimba alikodolea macho zile nguzo. "Maana yake nini, Daktari?"

"Maana yake ni moja kati ya mawili. Ama mashudu ya pamba yanatosha, niende nikawaambie akina mama wa vikundi vya kuku wasihangaike na zinki. Ama kuna mahali zinki iliingia." Alivua miwani. "Ini halidanganyi, Mzee Mashimba. Hawa kuku walikula zinki. Nataka kujua waliipata wapi."

"Si mimi," Mashimba alisema, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha sautini mwake. "Magunia yangu yana vitambaa. Chekundu kivyake, kijani kivyake."

"Tungepima chakula kilichobaki. Mfuko wa akiba uko wapi?"

Mashimba aliinamisha kichwa. Panya wa stoo walikuwa wameutoboa mfuko ule, akaufagia wote akautupa, akidhani kazi imekwisha.

Daktari hakupaza sauti. Alisema tu kwamba anaomba kila mtu afikirie, na kwamba mkataba wa Mashimba unakwisha mwezi ule, na yeye hawezi kuandika barua ya kumwombea mwingine bila kujua kilichotokea. Mezani, kando ya kompyuta, kopo la senene lilikuwa limebaki robo. Daktari alichukua mmoja bila kutazama, akamtafuna huku ameikunjia uso ile nguzo nyekundu. Prudencia alimwangalia akimeza. Jibu lilikuwa pale mezani, limekaangwa kwa kitunguu, na anayelitafuta alikuwa akilila.

Hakusema. Wiki ile alijaribu mara nyingi. Alikwenda hadi mlango wa ofisi, akagonga, Daktari akasema "Karibu," naye akauliza kama glovu zimeagizwa. Nyumbani, Nyamagana, katika chumba alichopanga nyuma ya duka la vitambaa, aliyapanga maneno akiwa anapika, na maneno yalikuwa mazuri, yenye mpangilio, mpaka alipoyatamka kwa sauti na kujisikia. Niliwaonea huruma. Ilisikika kama kitu cha kujisifia.

Na Mashimba alikuwa akibadilika. Aliacha kumtania. Asubuhi alijibu shikamoo yake kwa sauti ya mbali, macho yake yakitembea juu ya mashine ya kuchanganyia, juu ya makopo, juu ya ndoo, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Siku ya nne au ya tano alimwita stoo.

"Mayu, hebu nisaidie kukumbuka. Lile kopo langu la plastiki la kuchotea, lilipasuka lini?"

"Sijui, mzee."

"Lilipasuka. Nikachotea kopo la bati, lile la maziwa ya unga. Siku moja, au mbili, mpaka nilipopata jingine." Alilishika lile kopo la bati mikononi, akaligeuza. "Tuliambiwa bati lina zinki. Nililisikia kwa masikio yangu haya, na bado nikachotea. Ni mimi, Prudencia. Nimewaza sana. Haiwezekani kuwa mtu mwingine."

"Mzee, kopo la siku moja haliwezi..."

"Wewe unanionea huruma." Akatabasamu kidogo. "Moyo wako mwepesi, najua. Lakini kosa ni langu, nitamwambia Daktari mwenyewe. Afadhali niondoke nimesema kuliko niondoke nimeshukiwa."

Akavaa kofia yake, akatoka. Prudencia alibaki amesimama kati ya magunia. Angeweza kubaki pale. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: kwamba angeweza kabisa, dakika chache tu, na jambo lote lingekwisha, na hakuna mtu duniani ambaye angelijua. Mzee angeondoka na kosa lake la kopo, akilisadiki mpaka anakufa.

Alimfuata mbio.

Alipofika ofisini, Mashimba alikuwa tayari amevua kofia na kusimama mbele ya meza. "...kwa hiyo, Daktari, nadhani ni mimi. Kopo la bati."

"Kopo la bati," Daktari alirudia polepole. Ungeona namna uso wake ulivyotaka kukubali, kwa uchovu. "Mzee Mashimba, kwa nini hukusema mapema?"

"Ni senene," alisema Prudencia.

Hakuna aliyemsikia. Alikuwa mlangoni, na sauti yake ilikuwa ileile isiyovuka meza.

"Ni senene!"

Wote wawili wakageuka.

"Niliwapa senene. Wale wekundu. Kila asubuhi, tangu msimu ulipoanza mpaka tulipowachinja. Mzee hajafanya kitu. Niliwapa kwa mkono wangu." Mikono yenyewe alikuwa ameifumbata kifuani. "Na siku ile ya kuchinja niliona mguu wa senene kwenye firigisi, nikauficha."

Nje lori lilibadilisha gia likipanda kuelekea njia panda. Daktari Josepha aliangalia lile kopo mezani. Alinyoosha mkono, akachukua mfuniko na kulifunika taratibu, akilibonyeza pembe zote kama linaweza kufunguka lenyewe.

"Senene," alisema. "Wana zinki kuliko mashudu yote ya mkoa huu. Na mimi hapa nimekaa nawatafuna." Kisha, "Kwa nini, Prudencia?"

"Miguu yao ilikuwa inapasuka."

"Ulidhani mimi siioni?"

Prudencia alitazama lile kopo lililofunikwa.

"Niliiona. Kila siku. Niliiona ili ng'ombe, kuku, mtoto, yeyote anayelishwa hivyo huko vijijini, asiwe hivyo tena. Ndiyo maana ya kuwatesa wale. Kulikuwa na maana moja tu, na wewe umeiondoa." Hakuwa amepaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Sasa wale wote wamekufa bure. Wa kijani, wa njano, wekundu. Na itabidi nilete wengine, wapite njia hiyohiyo, miguu hiyohiyo. Huruma yako imewaua mara mbili, mwanangu."

Akamgeukia Mashimba. Akasimama kwanza, ndipo akasema, "Mzee wangu, nisamehe. Barua yako nitaiandika leo."

Mashimba aliitika kwa kichwa. Hakumtazama Prudencia. Alivaa kofia yake akatoka, na Prudencia akamfuata hadi uani.

"Mzee. Naomba unisamehe."

Alisimama, mgongo kwake. "Wiki nzima nimekaa najikumbusha kosa ambalo sikulifanya. Nimemwambia hadi mke wangu. Akanituliza, akasema, baba Suzana, ni uzee, wala usijali." Akageuka. "Nimekubali kwamba nimezeeka, mayu. Nilikubali kabisa. Na wewe ulikuwa unanitazama."

"Ndiyo, mzee."

"Haya," akasema, akaenda zake stoo.

Daktari hakumfukuza. Prudencia alingoja afukuzwe, hata akakunja koti lake la kazi na kulitia kwenye mfuko, lakini Daktari alisema tu kwamba vifaranga wapya watafika mvua za masika zikianza, na kwamba atakayewalisha na kuwatazama ni yeye. "Wote," alisema. "Mpaka mwisho." Prudencia aliomba apewe kazi nyingine, kuosha vyombo, kufagia, chochote. Daktari akavaa miwani yake na kurudi kwenye kompyuta.

Masika yakaja, na senene wakaja nayo. Walikuwa wachache kuliko wa msimu uliopita, lakini walitosha. Asubuhi ya kwanza walikuwa chini ya ukuta kwenye umande, wakirukaruka, na Prudencia alipita katikati yao bila ndoo, akichagua pa kukanyaga. Taa ya mlinzi ilihamishiwa getini baadaye, kwa maagizo ya Prudencia mwenyewe, lakini siku ile ilikuwa bado palepale.

Mashimba alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha banda. Tangu siku ya ofisini alikuwa akimjibu salamu tu, na kazi ikihitaji maneno aliyatoa machache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Onyesha mikono."

Alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Mikono. Kama shuleni. Mbele na nyuma."

Hakuwa akicheka. Prudencia aliinua mikono yake yote miwili na kuifungua, akaigeuza. Mzee aliikagua kwa makini kama mwalimu wa zamu, kucha kwa kucha. Kisha akanyoosha mkono, akaokota kwenye ukosi wa koti lake senene mmoja wa kijani aliyejishikiza pale bila yeye kujua. Akamshika kwa mbawa, akamwangalia, akamrusha nje kwenye majani.

"Kila asubuhi," alisema, akasogea kumpisha.

Ndani, vifaranga wapya walisikia mlango. Wenye kitambaa chekundu walikuwa bado wazima, manjano, miguu laini kabisa. Walikuja mbio hadi kwenye wavu, wakanyoosha shingo, wakamtazama kwa jicho moja moja wakisubiri. Prudencia aliwajazia mashudu yao. Kisha akachuchumaa karibu nao, mikono mitupu juu ya magoti, akaanza kutazama.